Sikio la Kulia la Doto

Nasoro,

Nimekuita kwa jina. Miaka yote tuliyokaa pamoja sikulitamka. Nilikuita "mwenzangu," na mbele ya mama yako nilikuita "yeye," kama inavyompasa mke mwenye adabu. Sasa umekufa, mimi nimezaa, na jina lako nimelisema jana kwa sauti, mlango wazi, barazani pamejaa watu. Ukitaka kukasirika, kasirika huko huko uliko.

Mimi mzima. Maziwa yanatoka, mgongo unauma, na paa linavuja pale pale ulipoahidi kupaziba kabla ya masika. Hizo ndizo salamu zangu. Habari yenyewe ni kwamba uliniacha na mimba uliyodhani ni ya mtoto mmoja, na wametoka wawili. Kurwa na Doto, wanaume wote. Kurwa mweupe kama wewe. Doto mweusi tititi, mweusi hata mimi simfikii. Na ndugu zako walitaka kumchukua mweupe, na mweusi waniachie nimtafutie baba.

Nimesema walitaka. Tulia nikusimulie.

Ulipozikwa nilikaa eda chumbani kwetu, na wakati ule mama yako alikuwa mwema kwangu, nisimsingizie. Alikuja kutoka Kisutu na uji wa pilipili manga, akanikanda miguu iliyovimba, na kila alipotaka kuondoka aliweka kiganja juu ya tumbo langu akasema, "Nasoro wangu kajificha humu." Nilikuwa nangoja kiganja kile. Siku asipokuja nililia kama mtoto.

Uchungu ulinishika asubuhi, na baada ya adhuhuri Kurwa akatoka. Bi Mwanahawa, mkunga wetu, alimfuta, akamfunga kanga, akampeleka ukumbini. Kaka yako Salehe alikuwa kafunga duka lake la vitambaa siku ile, kakaa tangu asubuhi anangoja. Akampokea, akamwadhinia sikio la kulia, akamkimia la kushoto. Nilimsikia sauti ikimkatika. Salehe, Nasoro! Salehe ambaye alikushusha kaburini macho makavu, alikuwa analia juu ya mwanao.

Mimi huku ndani nikadhani nimemaliza. Bi Mwanahawa akanibonyeza tumbo, akacheka, "Usiondoke mama, mgeni mwingine yuko mlangoni." Ndipo akaja Doto.

Akafungwa kanga vile vile, akapelekwa ukumbini vile vile. Nikatega sikio nisikie adhana. Kimya. Kisha kaka yako akasema, "Huyu nani?" Nakuapia ndivyo alivyosema, kana kwamba kitoto kile kimepiga hodi kwake kuja kuomba maji. Bi Mwanahawa akajibu kwamba ni pacha wa yule. Salehe akasema, "Siwezi kuadhini kwenye sikio la mtoto nisiyemjua baba yake." Hata kanga hakuifunua. Lishike hilo, maana nitalirudia: hata kanga hakuifunua kichwani.

Aliyemwadhinia ni baba yangu. Unamjua alivyo siku hizi, ukungu umemjaa machoni mpaka cherehani amemwachia mwanafunzi wake. Alikuja akipapasa ukuta, akampokea Doto, akaadhini kwa sauti yake ya mikwaruzo bila kuruka neno. Kisha akakaa chini pale pale ukumbini kampakata, na hakumpa mtu mpaka nilipoita.

Basi kuanzia hapo ikawa ni maneno. Kariakoo hii unaijua. Habari ilitoka kwetu ikafika sokoni kabla maji ya kuniogesha hayajachemka. Mapacha wa rangi mbili, wana baba wawili. Wauza nazi walisema, wauza samaki walisema, na wanawake waliokuja kunipa hongera walimtazama Kurwa, wakamtazama Doto, wakanitazama mimi, wakanywa kahawa yangu wakaenda zao kuongezea chumvi. Kuna mmoja, jina lake nalijua na sitakuudhi nalo, alikwenda mpaka akamtaja na mwanamume, mpagazi wa gatini ambaye kosa lake ni kuwahi kutubebea gunia la mchele. Mtu wa watu! Mpaka leo anapita njia ya mbali kuikwepa nyumba hii.

Hayo niliyaweza. Kilichonikata ni mama yako. Alikuja peke yake, akakaa kitandani pangu, akanishika mkono, akasema taratibu kabisa, "Mwanangu, sikugombezi. Mmoja ni damu yetu, tutamlea. Arobaini yake tutakuja kumchukua, atatolewa nje kwetu Kisutu, kwa baba zake. Yule mwingine mtazame mwenyewe." Angenitukana ningepata cha kumjibu. Alisema nami kwa huruma.

Alipoondoka nikakukumbuka wewe na utunda wangu, zile shanga za kiunoni.

Unacheka? Cheka. Unakumbuka ulipoanza kazi kwa yule Mzungu wa wadudu, Bwana Panzi, ng'ambo ya Mnazi Mmoja? Ule mwaka nzige walipokula bara nzima, na masanduku yenye matundu yakawa yanashushwa stesheni yakichakarika. Mimi niliwaambia watu mume wangu ni karani wa serikali. Karani! Hata nilipokubana ukaniambia kweli, kwamba kazi yako ni kuwapasua nzige madume, kuwatoa korodani, kuzitia rangi na kuzibandika kwenye kioo ili Bwana azitazame kwa darubini. Nilicheka nikashikilia ukuta. Nikakwambia, mume wangu, mtoto wa watu, wazee wako walikusomesha uje kuhasi panzi? Wewe hukuona haya. Ukasema, "Cheka ukimaliza uniambie, nikuonyeshe mtoto anavyotengenezwa." Nikakujibu hilo nalijua vizuri kuliko panzi wako.

Ndipo ulipouomba utunda. Nikadhani ni mambo yetu, kumbe mtu ana lake! Ukazichukua nyuzi mbili za shanga kutoka kiunoni pangu, mmoja mwekundu mtupu na mmoja mweupe mtupu, ukazilaza kwenye mkeka, ukaanza kunisomesha.

Ukasema ndani ya kila kipande kidogo kabisa cha mwili mna nyuzi, nazo zinakaa jozi jozi. Kwenye kila jozi uzi mmoja ulitoka kwa mama na wa pili kwa baba. Mtu anazo jozi zaidi ya ishirini, na katika nyuzi hizo zimepangwa, kama shanga, mambo yote tunayorithi, urefu, pua, rangi, nywele. Nikakuuliza, basi nikitoa zangu zote na wewe zako zote, mtoto si atakuwa nazo mara mbili? Ukajipiga paja! Ukasema hilo ndilo swali lenyewe. Mtoto angekuwa nazo mara mbili, mjukuu mara nne, mpaka mwili ushindwe kuzibeba. Kwa hiyo kabla mbegu ya mwanamume haijawa mbegu, na yai la mwanamke halijawa yai, mwili unafanya mgawo wa peke yake, usiofanyika mahali pengine popote mwilini. Unazipunguza ziwe nusu. Nusu yako na nusu yangu zikikutana, zinarudi nzima.

"Lakini nusu ipi?" ukaniuliza. "Hapo ndipo penye utamu."

Ukatafuta shanga nyingine, ukautungia kila uzi pacha wake, maana ndivyo zinavyoanza, kila uzi hujifanyia mwenzake aliye sawasawa naye. Wekundu wakawa wawili, weupe wakawa wawili. Ukawalaza wote wanne bega kwa bega. Ukasema wakilala hivyo, mwekundu na mweupe wanakumbatiana, wanapandiana kama miguu ya wapenzi, na pale walipopandiana wanakatika na kuungana upya kinyumenyume. Ukakata kwa meno, mshenzi wewe, utunda wangu niliopewa na somo yangu unyagoni! Ukakata mwekundu mmoja na mweupe mmoja mahali pale pale, ukaunga kipande cha huyu kwa huyu. Ukanionyesha. Palikuwa na mwekundu mtupu, mweupe mtupu, na wawili machanganyiko ambao hawakuwahi kuwapo duniani.

Kisha ukaanza kutenganisha. Mara ya kwanza jozi zinaachana, upande huu unakwenda huku na ule kule. Mara ya pili wale mapacha nao wanaachana. Kutoka mahali pamoja zinatoka mbegu nne, na hakuna mbili zilizo sawa. Kwa mwanamke, ukasema, mgawo ni huo huo ila moja tu ndiyo inayonenepa ikawa yai, nyingine hubaki makombo. Nikakwambia hata huko mwanamke anapunjwa. Ukasema hapana, anachagua. Nikakwambia nani anachagua. Ukakiri kwamba hachagui mtu. Jozi inapojipanga, wa mama anaweza kukaa kushoto au kulia, na kila jozi inajipanga kivyake bila kumuuliza jirani.

Nilisinzia pale ulipoanza hesabu. Ulinifananishia na viatu mlangoni mwa msikiti, kila jozi uokote kimoja, cha kulia au cha kushoto, uone vifurushi tofauti utakavyopata. Jozi moja, vifurushi viwili. Jozi mbili, vinne. Tatu, vinane. Jozi kumi vimekwisha kupita elfu, ukaendelea mpaka ukapata mamilioni, na hapo bado hujahesabu kukatika na kuungana. Ukanitikisa niamke: "Mke wangu, hata tukizaa watoto mia, hatutamzaa mmoja mara mbili!" Nikakwambia zaa wewe hao mia.

Jumamosi moja ulimwomba ruhusa Bwana Panzi, ukanipeleka. Nilivuka Mnazi Mmoja ndani ya buibui langu naona kila mtu ananitazama. Nikaweka jicho kwenye darubini, sikuona kitu ila kope zangu mwenyewe. Ukanishika kichwa, ukazungusha kigurudumu, na hapo vikatokea. Vijiti vidogo vya zambarau, vimelala viwili viwili, na kati yao vingine vimepandiana vikafanya msalaba, vingine kitanzi. Korodani ya panzi! Nilitaka kucheka, kicheko hakikutoka. Ukaninong'oneza nyuma ya shingo, "Na sisi hivyo hivyo."

Utunda ule sikuutungua tena. Niliuvaa hivyo hivyo na machanganyiko yake mpaka siku uliyokufa, waliponivua mapambo kwa ajili ya eda, nikautia ndani ya kopo la chai.

Kwa hiyo mama yako alipoondoka nilikwenda kwenye kopo. Nikazilaza nyuzi kitandani kati ya Kurwa na Doto, nikawatazama wote wawili, nikaelewa kile nilichosinzia. Mapacha hawa si wa yai moja lililokatika. Mayai mawili yalitoka kwangu, mbegu mbili zilitoka kwako, na kila moja kati ya hizo nne ilikuwa na kifurushi chake. Na rangi, uliniambia, haikai kwenye uzi mmoja. Imetawanyika, kidogo huku, kidogo kule. Wewe ni mweupe, lakini bibi yako mzaa baba alikuwa Mmanyema aliyeletwa pwani kwa miguu, akapika jikoni mwenu mpaka babu yako akamzalisha. Uliniambia mwenyewe kwa siri, maana kwenu hatajwi, kwenu mtu akiuliza wanaanzia Arabuni. Na mimi nina mama Mzaramo na babu Mshihiri aliyeuza kahawa. Tulizibeba shanga zote, mimi na wewe. Kurwa kaokota za huku, Doto kaokota za kule. Baba wa pili anatoka wapi?

Nikalia pale, lakini kwa hasira. Hasira ilinifaa kuliko ule uji.

Kesho yake nilikuwa namwogesha Doto. Nimempaka mafuta, nampitishia kidole nyuma ya shingo, kwenye mashavu, nikafika kwenye sikio la kulia. Kidole kikakwama. Nikamgeuza penye mwanga. Mbele ya sikio, pale nywele zinapoanzia, pana kitundu. Kidogo kama kilichotobolewa kwa sindano.

Chako. Kitundu chako, Nasoro! Nilichokuwa nakibusu. Alichonacho mama yako sikio lile lile, anachokifunika kwa ukaya wake wa kichwani na kukiita riziki. Nilikaa chini na mtoto wangu utupu, mafuta yananichuruzika mikononi, nikapiga kigelegele peke yangu chumbani mpaka baba akauliza kuna nini. Nikakumbuka, sasa nakurudishia lile nililokwambia ulishike. Salehe alikataa kuadhini kwenye sikio hili hili. Angeifunua kanga, angeinama tu kama Mwislamu yeyote aliyepewa kichanga, kitundu cha mama yake kingemtazama usoni. Baba yangu aliinama, lakini macho hana.

Nikamvika Doto nguo, nikafunga buibui, niko mlangoni tayari kwenda Kisutu kuwatupia sikio hilo. Roho ikaniambia ngoja. Nikarudi, nikamfunua Kurwa.

Laini. Kulia laini, kushoto laini. Hakuna kitu.

Nilisimama pale, Nasoro, na ndipo nilipoona mtego. Nikiwapelekea sikio la Doto, nimewaambia kwamba mtoto wako anatambulikana kwa kitundu. Basi Kurwa asiye nacho ni wa nani? Watampokea Doto, na maneno yatahamia kwa Kurwa, na mwaka huu wote nitakuwa nawahamisha wanangu kutoka mizani hii kwenda mizani ile. Rangi ilimkubali Kurwa ikamkataa Doto. Sikio lingemkubali Doto likamkataa Kurwa. Na wewe ulishaniambia kwa shanga zangu mwenyewe kwamba unatoa nusu. Nusu! Uzi wenye kitundu umekwenda kwa mmoja, mwenzake ukaenda kwa wa pili, na vyote vimetoka kwako. Alama inasema mtoto kaokota nini. Haiwezi kusema hakuokota kwako.

Nikavua buibui. Nikamshonea Doto kofia inayofunika masikio, na joto lote hili la Dar es Salaam. Nikaapa sitamtoa mwanangu mmoja kuwa shahidi dhidi ya mwenzake, hata kama ushahidi wenyewe unanisafisha mimi.

Arobaini ikafika. Nilipika mimi na Bi Mwanahawa. Niliukata utunda wa machanganyiko, uzi mmoja nikamfunga Kurwa kiunoni na mmoja Doto, kama wanavyofungwa watoto. Baba alikaa barazani kavaa kanzu yake ya Iddi. Wakaja mama yako na Salehe, na nyuma yao shangazi zako wamebeba shali ya hariri ya kumfungia Kurwa. Shali moja.

Salehe akasimama ukumbini, hakukaa. Akasema, "Shemeji, tumekuja kumchukua mtoto wetu." Nikauliza mtoto yupi. Akasema unajua. Nikasema sijui, nimezaa wawili, mtaje. Barazani wakaacha kuzungumza. Nikamnyakua Kurwa nikamkumbatia, Doto nikamwacha kwenye mkeka, nikafungua mdomo.

Nikasema, wote ni wa Nasoro. Nikalisema jina lako, mama yako akashtuka kama nimevunja sahani. Nikalisema tena. Ni wa Nasoro, kila mmoja na nusu yake aliyopewa, na mimi sikulala na mwanamume mwingine hapa duniani. Mkitaka kuhesabu rangi tuhesabu, tuanze na aliyekuwa jikoni mwenu, mama wa baba yake Nasoro, mseme alikuwa na rangi gani na yuko wapi siku hizi kwenye hadithi zenu. Shangazi mmoja akasema "Astaghafirullahi." Nikasema niombee na mimi, lakini sijamaliza. Mnawataka wote, karibuni, nyumba yao hii. Mnamtaka mmoja, hamna hata mmoja, na shali yenu mkaifungie mto.

Salehe akanyanyua mkono akauteremsha. Akasema tutakwenda kwa liwali. Nikasema nenda, nitakuja nao wote mgongoni.

Katikati ya kelele ile Doto akapaliwa. Alikuwa amenyonya muda si mrefu, maziwa yakamrudi, akawa anahangaika pale chini hana sauti. Nilikuwa na Kurwa mikononi, na kabla sijageuka mama yako alikwisha kuinama. Mwanamke yule amelea, Nasoro. Mkono ulikwenda wenyewe. Akamnyanyua, akamlaza kifudifudi juu ya mkono, akampigapiga mgongo, maziwa yakamwagika juu ya buibui lake jipya na Doto akalia. Kofia nayo ilikuwa imelowa. Akaivua amfute.

Nikaona kidole chake kinapita shavuni, kinafika sikioni, kinasimama.

Alimgeuza kichwa penye mwanga, kama nilivyomgeuza mimi. Kisha akausogeza ukaya wake, akagusa sikio lake mwenyewe, akagusa la Doto, akarudi lake. Machozi yakamtoka tu. "Riziki yangu," akasema. "Nasoro wangu kajificha humu."

Nimekosa usingizi nyakati nyingi nikingoja maneno hayo, na nilipoyapata sikuyafurahia, kwa sababu nilimwona Salehe. Alikuja, akachungulia sikio la Doto, akaelewa. Na jambo la kwanza alilofanya, la kwanza kabisa, ni kugeuka na kumwangalia Kurwa niliyempakata. Akanyoosha kidole amfunue sikio. Nikarudi nyuma nikajigonga mlangoni. Alishaona. Uso ule ule alioufanya mbele ya Doto siku ya kuzaliwa, akaufanya mbele ya mtoto aliyemwadhinia kwa machozi. "Basi huyu..." akasema.

Ebo! Nilichomjibu sitakiandika. Nilimwambia kwa ufupi kwamba hata akimgeuza mtoto kama nguo za mnada atapata tu cha kukataa.

Mama yako ndiye aliyemnyamazisha. Alikuwa bado yuko chini na Doto begani. Akasema, bila kuinua sauti, "Salehe, sogea." Akasogea. "Inama." Akainama, mtu mzima na mvi zake. Mama yako akamshika sikio la kulia, akalivuta mbele ya watu wote. "Wewe hunacho," akasema. "Nilikuzaa mimi, na hunacho. Nikutupe?"

Mimi sikuwa nimelifikiria hilo, Nasoro. Mausiku yote na shanga zangu, sikulifikiria. Mama yako hajawahi kuona darubini maisha yake yote.

Salehe alibaki kainama, sikio liko mkononi mwa mama yake. Kisha akaniomba, kwa sauti ndogo, amwadhinie Doto. Nikamkatalia. Nikamwambia mtoto ameshaadhiniwa na babu yake, na adhana ya mzee asiyeona imetosha. Labda nilimwonea. Sijutii. Akatoka, akaenda kukaa barazani karibu na baba yangu, na baba, ambaye ana moyo kuliko mimi, akammiminia kahawa.

Mama yako akasema, "Nipe na huyo." Nikamuuliza utawatoa wote? Akasema wote. Mlango wa mbele? Mlango wa mbele. Akawapakata, Kurwa mkono huu na Doto mkono huu, shali moja ya hariri ikawafunika wawili, fupi, miguu ya Doto ikabaki nje. Akavuka kizingiti. Mtaa mzima wa Msimbazi ulikuwa umesimama, wauza nazi, wauza samaki, na yule niliyesema sitamtaja. Jua lilikuwa kali. Mama yako akawanyanyua kidogo, akasema kwa sauti niliyodhani hana, "Wajukuu zangu. Wote wa Nasoro." Ni yeye aliyekutaja mara ya mwisho, si mimi.

Usidhani yamekwisha. Leo asubuhi nimekwenda sokoni, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, na mwanamke mmoja akaniuliza huyu mweusi ni wa nani. Nikamwambia ni pacha wa yule mweupe. Akaniuliza na mweupe je. Nikamwambia ni pacha wa yule mweusi. Nimemwacha anajumlisha. Watauliza tena kesho na wanetu wenyewe wataulizwa shuleni, wakiwa wakubwa. Sawa. Wakifika umri wa kuelewa nitazilaza shanga zile kwenye mkeka na kukata kwa meno kama ulivyokata, mpaka waelewe vizuri kuliko mimi, na wasisinzie.

Kaburini kwako sijaja, unajua sisi wanawake hatuendi na jeneza. Nitakuja. Nitakuja nao wote wawili, nitawakalisha mmoja upande huu wa kichwa chako na mmoja upande huu, nao watakusalimia, "Shikamoo baba," kwa sauti mbili zisizofanana. Lala mwenzangu. Mgawo ulikwisha fanyika, ndani kabisa, gizani, kabla mimi na wewe hatujawajua, na kila mmoja amepata chake. Hakuna atakayenigawia wanangu tena. Hilo nakuahidi kwa jina lako, Nasoro.

Mkeo, mama Kurwa na Doto